Dar hadi Iringa kwa Boxer 150, watu wawili, mwezi wa kumi: tuandae nini?

Mtoka_Kimara

Habari za jioni wakuu. Mimi na mke wangu tunataka kwenda Iringa kwa pikipiki wiki ya sikukuu ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba, tukae siku mbili tatu kisha turudi. Chombo ni Boxer BM 150 ya kabureta, breki za dramu mbele na nyuma, tairi za tyubu. Kinatembea mjini kila siku na hakinisumbui, ila hakijawahi kuvuka Chalinze.

Naomba kujua sevisi gani ifanyike na lini, vipuri gani nibebe bila kugeuza pikipiki kuwa duka, na hifadhi ya Mikumi pamoja na mlima mkali wa Kitonga vinapitwaje na chombo kidogo hivi. Jua la kiangazi kule bondeni Ruaha Mbuyuni nalo watu wananitisha. Nimepanga tutoke saa 11 alfajiri tufike siku hiyo hiyo.

Fundi_Spoki

Mkuu, sevisi ifanyike siku kumi kabla, isiwe usiku wa kuamkia safari. Kilichofunguliwa jana ndicho kinacholegea kesho: nati ya ekseli, boliti ya kumwagia oili, kebo ambayo haijakaa vizuri. Ukishamaliza, tembea nayo mjini km 150 hadi 200 kama kawaida yako, kisha pitia nati zote upya kwa spana. Kama umeweka viatu vipya vya breki, hizo kilomita ndizo zinazovikalisha kwenye dramu. Kiatu kipya kabisa hakishiki sawasawa, na Kitonga si mahali pa kukifundisha.

Anza na tairi. Saizi ya BM 150 kwa kawaida ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, lakini hakikisha ubavuni mwa ulizonazo. Tairi ya nyuma ikibaki na kashata (yale meno ya tairi) chini ya mm 2, ibadilishe kabla ya safari. Itakufikisha Iringa pengine, ila tairi iliyokonda ndiyo inayopitisha kila msumari, halafu kuna kurudi. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye msururu wa DOT: 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa umri huo unaweza kuwa na kashata tele na bado ukawa umekauka. Ikunje kwa kidole gumba uone kama ina nyufa kati ya kashata.

Upepo pima asubuhi tairi ikiwa baridi. Mbele psi 25. Nyuma psi 28 ukiwa peke yako, psi 32 mkiwa wawili. Linganisha na kibandiko au kitabu cha pikipiki yako. Ukipima tena Chalinze jua likiwa limepanda utakuta imeongezeka psi kadhaa. Usiitoe. Watu wengi wanapunguza upepo wakidhani joto litapasua tairi, kumbe upepo pungufu ndio unaoiua: ubavu unajikunja kila mzunguko, tairi inachemka, tyubu inaanza kuteleza ndani, mwisho shingo ya valvu inakatika. Ukiona valvu imelala upande badala ya kusimama wima kwenye rimu, tyubu imeshaanza kutembea. Na ile nati ndogo ya valvu usiikaze hadi kwenye rimu. Ipandishe ikutane na kifuniko cha valvu, ili tyubu ikiteleza uone mapema.

Spoki zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu. Mkiwa wawili na mzigo, spoki mbili tatu zilizolegea zinawapa jirani zao kazi yote, nazo zinakatika shingoni kwenye habu.

Cheni: panda wewe na mama watoto, mtu mwingine apime katikati ya upande wa chini. Pikipiki ikiwa tupu ilegee mm 25 hadi 30, na mkishakaa bado iwe na mchezo kidogo. Zungusha gurudumu utafute sehemu iliyokaza kuliko zote, upimie hapo. Kama tofauti kati ya sehemu iliyokaza na iliyolegea ni kubwa, cheni na sproketi zimekwisha, badilisha zote tatu pamoja. Cheni iliyokazwa kupita kiasi inakula bearingi ya shafti ya gia, na hiyo ni kazi ya kupasua injini. Klipu ya kiungo, upande uliofungwa uelekee cheni inakokwenda. Usipake oili chafu ya injini, ina unga wa chuma na vumbi linaing'ang'ania. Tumia oili ya gia namba 90, tone kwa tone upande wa ndani wa cheni, jioni ikiwa bado ya moto, kisha futa inayobaki nje.

Oili ya injini weka 20W-50 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Oili ya gari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano inafanya klachi iteleze, na utaigundua kwenye mlima. Usawa wake uangalie kila mnapojaza mafuta, pikipiki ikiwa imesimama wima. Injini ya kupozwa na hewa ikienda kasi muda mrefu kwenye joto inakula oili hata kama mjini haikuwa inakula. Mapezi ya silinda yasafishe tope lote, maana hayo ndiyo rejeta yako.

Valvu za injini zipimwe nafasi yake injini ikiwa baridi kabisa, kwa kipimo cha kitabu. Valvu iliyobana haifungi vizuri, moto unapita, inaungua. Fundi akikuambia hazipigi kelele hivyo ziko sawa, tafuta mwingine. Zinazobana huwa kimya.

Kuna kitu kimoja kinawalaza watu njiani bila sababu: tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Vumbi likiliziba, pikipiki inakwenda nusu saa, inaanza kukosa nguvu, inazima. Ukifungua kifuniko inavuta hewa kwa mlio wa "fss" na inawaka. Lisafishe nyumbani kwa pampu.

Kabureta usiiguse. Kuna watakaokushauri ubadilishe jeti, kile kitundu kinachopimia mafuta, kwa sababu ya mwinuko wa Iringa. Mji uko kwenye kama mita 1,500 na zaidi kidogo kutoka usawa wa bahari. Utapoteza nguvu kiasi na pikipiki itakuwa nzito kidogo kwenye kuvuta, basi. Ukiipunguzia mafuta kwa ajili ya Iringa, ukirudi kwenye joto la mabondeni inachemka.

Njia_Kuu

Fundi kamaliza upande wa chombo. Mimi naomba ubadilishe ratiba, kaka. Karibu km 500 kwa siku moja, watu wawili kwenye 150, maana yake mnafika Kitonga mmechoka na jua linawapiga usoni. Gawanya mara mbili, na mlale Mikumi mjini, msilale Morogoro.

Sababu ni hizi. Ukitoka Dar saa 12 na nusu asubuhi kumeshapambazuka. Saa 11 ni giza, na kati ya Kibaha na Chalinze kuna malori yaliyoharibika yamesimama bila taa, alama yake ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani. Gizani matawi utayaona ukiwa umeshayakanyaga. Pikipiki ya namna hii iendeshe km 60 hadi 70 kwa saa, mapumziko kila saa moja na nusu. Morogoro, karibu km 190, mnafika kama saa 5. Kuleni, pumzikeni, vukeni hifadhi kati ya saa 7 na saa 9 mchana. Huo ndio muda wanyama wengi wako kivulini. Alfajiri na jioni ndipo wanapohama, na kiangazi wanavuka barabara kutafuta maji.

Ndani ya hifadhi barabara ni kama km 50. Vibao vinasema 70 mchana na 50 usiku, vifuate, na kumgonga mnyama kuna faini yake. Akivuka twiga mmoja, simama usubiri, wenzake wako nyuma yake. Tembo akiwa kando ya lami, simama mbali, mita 100 au zaidi, injini ikiwa inawaka, usipige honi. Subiri basi au lori lipite kwanza. Msisimame kupiga picha wala kula, nyani wameshazoea vyakula vya wasafiri, na kwenye pikipiki huna mlango wa kufunga. Jaza tangi Morogoro ili hilo eneo usilivuke ukiwa kwenye rizavu.

Siku ya pili tokeni Mikumi saa 12 na nusu. Ruaha Mbuyuni mnapita asubuhi, lile bonde la mibuyu likiwa bado halijawa tanuri, Kitonga mnaipanda kabla ya saa 4, na Iringa mnaingia kabla ya mchana.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni jua liko upande gani. Asubuhi ukitoka Dar jua liko mgongoni kwako, unaona vizuri mno. Lakini dereva anayekuja mbele yako linampiga machoni, na ndiye anayechomoka nyuma ya lori kulipita akiamini upande wako ni mtupu. Taa iwake muda wote, rifleta muivae wote wawili, na ukiona msururu wa malori unakuja, punguza mwendo na uandae nafasi ya kushuka pembeni. Wakati wa kurudi ni kinyume: asubuhi ni wewe unayechomwa macho, kwa hiyo tokeni Iringa saa 2 au saa 2 na nusu jua likiwa limepanda.

Kuhusu malori. Ukiwa nyuma ya semi, kaa mahali unapouona uso wa dereva kwenye kioo chake. Usipomwona, naye hakuoni. Madereva wengi hapa wakikuwashia indiketa ya kulia wanasema usipite, ya kushoto wanasema pita. Ichukue kama taarifa tu, uamuzi ni wa macho yako, maana ya kushoto inaweza kuwa anaingia sheli. Basi la mwendo kasi likikutana nawe, upepo wake unakusukuma nje kwanza kisha unakuvuta ndani. Legeza mikono, bana tangi kwa magoti, usikamate usukani kwa nguvu. Na usitembee kwenye ukingo kabisa wa lami. Sehemu nyingine bega la barabara liko chini, ukiteleza pale huwezi kurudi juu kwa pembe ndogo. Acha nafasi ya kama mita moja ili uwe na pa kukimbilia.

Mwezi wa kumi watu wanachoma mapori. Moshi ukifunga barabara usiingie, kaa nyuma yake hadi uone upande wa pili.

Leseni iwe daraja A kwa sababu injini inazidi cc 125. Bima na kadi viwe kwenye mfuko wa nailoni, si kwenye simu pekee.

Nesi_wa_Zamu

Naongezea upande wa miili, na hasa shemeji anayekaa nyuma.

Kitu cha kwanza ni nguo yake. Dera, kanga au mtandio unaopepea unaingia kwenye spoki au cheni, na unamvuta mtu chini kwa sekunde moja. Avae suruali ya jinzi nzito, raba ngumu au buti zinazofunika kifundo, kamba za viatu ziingizwe ndani. Mikanda ya begi lake pia ikatwe au ifungwe.

Jaketi la mikono mirefu livaliwe hata kama joto linauma. Hewa ikishazidi joto la ngozi, kufungua kifua hakupoozi tena, kunakukausha tu. Dawa yake ni fulana ya pamba iliyolowekwa maji ndani ya jaketi lenye matundu ya hewa. Maji yanapokauka polepole ndiyo yanayowapoza. Ilowekeni upya kila mnaposimama.

Maji ya kunywa: nusu lita hadi robo tatu kwa saa kwa kila mmoja, kidogo kidogo. Kila mmoja aanze na lita mbili, na mjaze Chalinze, Morogoro na Mikumi. Bebeni pakiti nne za ORS, moja kwa lita moja ya maji safi. Maji matupu mengi pasipo chumvi nayo yanaleta kizunguzungu. Dalili za kusimama mara moja ni kichwa kuuma, misuli kukaza, kichefuchefu, au dereva kuanza kuchelewa kubadili gia na kukosea vitu vyepesi. Abiria ndiye anayegundua hili kwanza, kwa hiyo mpatane ishara: magoti mawili yakibana, simama. Mtu akichanganyikiwa na mwili ni wa moto sana, hiyo ni dharura: kivuli, mlowesheni maji mwili mzima, mpepeeni, pigeni 112 au msimamisheni mwenye gari awapeleke kituo cha karibu.

Helmeti zote mbili ziwe za uso mzima. Jaribio ni hili: funga kamba, shika helmeti kwa nyuma chini, ivute kuelekea mbele. Ikitoka kichwani, ni kubwa. Iliyowahi kuanguka na mtu kichwani isivaliwe tena, hata ikiwa haina ufa. Kioo kiwe cheupe, jua mtalizuia kwa miwani mnayoweza kuivua.

Sweta moja kila mmoja. Iringa jioni kuna baridi.

Mtoka_Kimara

Asanteni sana, ratiba nimeibadilisha, tutalala Mikumi. Mama watoto amesoma na ameshatoa dera kwenye begi. Bado mawili: Kitonga kwa kushuka, maana kila mtu anazungumzia kupanda. Na pancha: sijawahi kutoa tyubu mwenyewe. Nibebe nini hasa?

Fundi_Spoki

Umeuliza penyewe. Kupanda Kitonga ni suala la subira: gia ya 2 au hata ya 1 kwenye kona kali nyuma ya malori, usiing'ang'anize injini kwenye gia kubwa ikiwa inagonga, na ukifika juu simama kwenye nafasi pana, iache injini ingurume taratibu bila kuvuta mafuta dakika mbili tatu kisha uizime. Usiimwagie maji hata kidogo, silinda ya moto inaweza kupasuka au kupinda.

Kushuka ndiko kwenye hatari. Breki ya dramu inafungia joto ndani. Ukiikanyaga mfululizo, dramu inapanuka na kuvikimbia viatu, viatu vyenyewe vinapoteza msuguano, na pedali inazidi kushuka huku pikipiki haipungui. Mkiwa wawili joto hilo linakuja mapema zaidi. Kwa hiyo ingiza gia ya 2 *kabla* mteremko haujaanza, rudisha mkono wa mafuta, iache injini ishikilie. Mwendo ubaki km 30 hadi 40. Breki zitumie kwa vipande: bonyeza mbele na nyuma pamoja, kwa nguvu ya wastani, sekunde mbili tatu kabla ya kona, kisha achia kabisa zipumue. Mguu usilale juu ya pedali. Usishuke kwenye gia huru ili kuokoa mafuta, wala usizime injini.

Ukisikia harufu ya kuungua au mkono wa breki unazidi kukaribia usukani, tafuta nafasi nje ya barabara usubiri robo saa. Na kama harufu inatoka kwenye lori lililo nyuma yako, toka njiani ulipishe. Lile halina uhakika wa kusimama.

Kabla ya safari angalia mkono wa breki kwenye dramu ya nyuma. Ukikanyaga pedali, mkono na fimbo visizidi pembe mraba. Vikizidi, viatu vimekwisha, na kukaza nati ya fimbo ni kujidanganya.

Pancha. Jifunze nyumbani Jumamosi moja, kwa vifaa vile vile utakavyobeba:

1. Tyubu mpya mbili, pampu ya mkono yenye geji, vyuma viwili vya kufungulia tairi vyenye ncha butu, viraka na gundi, kitambaa.
2. Spana ya nati ya ekseli ya nyuma. Ijaribu kwanza, nati nyingi zimekazwa na mafundi wa mitaani kiasi kwamba spana fupi haizifungui.
3. Kebo ya klachi na kebo ya mafuta, plagi, fyuzi ya amp sawa na iliyopo, balbu ya taa kubwa, kiungo cha cheni chenye klipu, waya laini, pulaizi, bisibisi, gundi ya chuma. Kebo mpya ya klachi unaweza kuilaza pembeni ya ile ya zamani na kuifunga kwa mipira, ikikatika unahamisha ncha tu.

Toa gurudumu, toa upepo wote, kanyaga tairi pande zote hadi iachie rimu. Anza kuifungua karibu na valvu, huku upande ulio mkabala na valvu ukiusukumia kwenye bonde la katikati ya rimu, vinginevyo utatumia nguvu bure. Tyubu ikishatoka, pitisha vidole ndani ya tairi taratibu, ukitanguliza kitambaa, mpaka umpate mwiba au msumari. Asipopatikana, tyubu mpya itadumu dakika kumi. Tyubu mpya ipe upepo kidogo tu ijikunjue, iingize, na malizia kufunga tairi upande wa *valvu*, kwa kukanyaga kwa kisigino badala ya chuma. Vyuma ndivyo vinavyobana tyubu na kuitoboa upya. Jaza, angalia kama mstari wa tairi uko sawa kuzunguka rimu yote, rudisha cheni kwenye kipimo, kaza ekseli, rudisha fimbo ya breki na klipu yake. Watu husahau fimbo ya breki. Kanyaga pedali kabla ya kuondoka.

Njia_Kuu

Mzigo haujaguswa. Keria ya nyuma isizidi kilo 10 hadi 15. Kilicho nyuma ya ekseli kinainua mbele, usukani unakuwa mwepesi na unatikisika ukifika 70. Vizito, yaani vifaa na maji, vikae chini na karibu na katikati. Nguo za siku zote pelekeni kama kifurushi kwa basi kutoka stendi ya Mbezi siku moja kabla, mtazikuta Iringa. Mafuta msibebe kwenye chupa, tangi la lita 11 na sheli za Chalinze, Morogoro, Mikumi na Ilula vinatosha. Usilijaze hadi mdomoni likisubiri juani, petroli inapanuka na kumwagika juu ya injini.

Springi za shokomzoba za nyuma zipandishwe nochi moja au mbili kwa sababu mko wawili, pande zote mbili sawa. Kisha mkiwa mmekaa juu yake, elekezeni taa ukutani usiku na kuishusha. Isiposhushwa inamulika machoni mwa wanaokuja, nawe barabara huioni. Mipira ya kufungia mzigo, ncha zilizobaki zikatwe au zifungwe fundo, na vuta mzigo kwa mikono miwili kila mnaposimama. Ukisogea hata kidogo, ufungue wote na kuufunga upya.